Simu ina majibu yote: mwalimu afundishe nini?

Swali la msomaji: "Nafundisha jiografia sekondari. Wanafunzi wangu wana simu, na sasa wana programu za akili bandia zinazowaandikia jibu kamili kabla sijamaliza kusoma swali ubaoni. Mkuu wa idara yangu anasema zama za kuwajaza watoto maarifa zimepita. Tuwafundishe kutafuta tu, mengine watayakuta mtandaoni. Chuoni nilisoma nadharia za ujifunzaji, ile ya tabia, ile ya kujenga maarifa na ile mpya ya mitandao, nikafaulu mtihani, lakini nikisimama darasani sioni zinanisaidia nini. Je, kuna haja tena ya kufundisha maudhui? Na kama ipo, nifuate nadharia ipi?"

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi, na asante kwa kuuliza jambo ambalo wengi tunalinong'ona tu kwenye chumba cha walimu.

Swali la kwanza nalijibu moja kwa moja. Ndiyo, maudhui yafundishwe, tena kwa bidii kuliko zamani, kwa sababu asiyejua kitu hawezi kukitafuta vizuri, akikipata hawezi kukipima, na akikinakili hakimkai. Mkuu wako ana hoja sehemu moja, na nitaifikia, ila hitimisho lake litawaumiza zaidi wanafunzi wale wale anaotaka kuwasaidia.

Chukua mada ya majira ya mwaka. Mwanafunzi anajiuliza kwa nini kuna miezi ya joto na miezi ya baridi. Asiye na msingi ataandika kwenye simu "kwa nini kunakuwa na joto", na ataletewa mabadiliko ya tabianchi, ushauri wa kunywa maji mengi na matangazo ya feni. Mwenzake mwenye maneno mawili matatu kichwani, mhimili, mwinamo, obiti, atafika anakokwenda kwa sekunde chache. Simu ni ile ile na intaneti ni ile ile. Wametenganishwa na maneno, na maneno hayo kuna mtu aliwahi kumfundisha mmoja wao.

Wataalamu wa maktaba waliliona hili kabla kompyuta haijaingia majumbani. Mwaka 1968 Robert Taylor alieleza kwamba haja ya habari huanza kama fukuto ambalo mwenye nalo hawezi hata kulitaja. Baadaye huwa wazo, kisha swali kamili, na mwisho huwa swali lililokatwakatwa ili lipite kwenye mlango wa mfumo anaoutumia. Nicholas Belkin akalikazia miaka iliyofuata: mtu hutafuta kwa sababu kuna pengo katika anachokijua, na pengo hilo hilo ndilo linalomzuia kueleza anachotafuta. Mkutubi mzuri analijua hili. Ukimuuliza vitabu vya sayansi viko wapi, hakunyooshei kidole na kurudi kwenye kazi zake. Anakuuliza unafanya nini, umefika wapi, umekwama wapi. Kisanduku cha kutafutia hakina subira hiyo. Programu za mazungumzo za akili bandia zimepunguza tatizo kidogo, maana mtu anaweza kujieleza kwa sentensi nzima na kurudi nyuma akikosea, lakini swali bado linatoka kichwani mwake. Kichwa kikiwa kitupu, swali litakuwa la juujuu na jibu litafuata mkondo huo.

Hata kusoma kilichopatikana kunategemea kilichokuwepo. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 habari fupi kuhusu mechi ya besiboli. Baadhi walikuwa wasomaji hodari, baadhi dhaifu. Baadhi waliujua mchezo, baadhi hawakuujua. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa na kuikumbuka habari kuliko wasomaji hodari wasioujua. Tafakari maana yake kwa mpango wa mkuu wako. Anataka kuwafundisha "ustadi wa kusoma na kutafuta" kama chombo kimoja kinachofungua kila mlango. Chombo hicho hakipo katika umbo hilo. Anayeijua mada husoma vizuri ndani ya mada hiyo, na ndivyo ilivyo kwa kutafuta.

Sasa sehemu ambayo mkuu wako yuko sahihi: kujua mada peke yake hakutoshi. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa chuo kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2017 utafiti wa watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 wa vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wote walipewa tovuti za kupima kama zinaaminika. Wanahistoria, watu walioishi na nyaraka maisha yao yote, walinaswa mara kwa mara pamoja na wanafunzi. Walikaa ndani ya tovuti, wakaisoma kutoka juu hadi chini, wakaangalia nembo yake nzuri, anwani yake na orodha ya marejeo yake. Wahakiki walifanya kinyume. Walipofika kwenye tovuti wasiyoijua walitoka karibu papo hapo, wakafungua kurasa nyingine pembeni na kutafuta wengine wanasema nini kuihusu: mmiliki ni nani, anapata fedha wapi, amewahi kulaumiwa kwa lipi. Walifika kwenye jibu sahihi zaidi na kwa muda mfupi zaidi.

Tabia hiyo ya kutoka kwanza ndipo urudi inafundishika, na sioni sababu ya kutoifundisha mwezi huu huu. Ifundishe ndani ya jiografia, kwa tovuti zinazozungumzia mada zako. Ukiifanya somo la pekee lenye karatasi ya vipengele vya kuwekea alama ya vema, utarudi kule kule walikonaswa wanahistoria. Nembo nzuri na anwani yenye heshima ndivyo vitu ambavyo mdanganyifu hugharimia kwanza.

Wanafunzi waelewe pia mtambo unachofanya. Sergey Brin na Larry Page walipoeleza Google, mfumo wao wa kutafuta, mwaka 1998, wazo lao kuu lilikuwa kuhesabu viungo: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi, hasa zile ambazo nazo zinaelekezewa na wengi, unapanda juu. Wazo hilo limechukua sura ya mazoea ya wasomi ya kuhesabu marejeo, na ni zuri, ila kinachopimwa ni umashuhuri. Siku hizi yameongezwa mambo mengi juu yake, na bado kuwa wa kwanza kwenye orodha si cheti cha ukweli. Miundo ya lugha iliyo nyuma ya programu za mazungumzo imejengwa kwa namna nyingine kabisa. Inakadiria neno linalofuata kutokana na matini nyingi mno iliyofunzwa kwayo, na ndiyo maana inaweza kukupa jina la kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, kwa sauti ile ile tulivu inayokupa mwaka sahihi wa jambo la kweli. Mtoto asiye na maarifa yake mwenyewe atazitofautishaje sauti hizo mbili?

Nilisema akikinakili hakimkai. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo nadharia zako za chuoni zinapofufuka.

Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe niliharibu somo hili la majira. Niliwapa wanafunzi wiki nzima kutafuta, wakaleta mabango mazuri mno. Kila bango lilisema mhimili wa dunia umeinama kwa digrii 23.5, na kila bango lilikuwa na mchoro. Nikaridhika, nikawapongeza. Kisha, karibu kwa bahati, nikawauliza: mwezi gani dunia iko karibu zaidi na jua? Karibu wote wakataja mwezi wa joto. Ukweli ni kwamba dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152 hivi. Januari hiyo hiyo kizio cha kaskazini kipo kwenye baridi na kizio cha kusini kipo kwenye joto. Kama umbali ndio ungekuwa sababu, vizio vyote viwili vingepata joto pamoja. Wanafunzi wangu walikuwa wamebeba sentensi sahihi kutoka mtandaoni na kuiweka juu ya imani yao ya zamani, na imani ile haikutikisika hata kidogo.

Si watoto tu. Mwaka 1987 ilionyeshwa filamu iliyopigwa kwenye mahafali ya chuo kikuu cha Harvard, ambapo wahitimu, wahadhiri na watu waliowahi kusoma pale waliulizwa chanzo cha majira au cha sura za mwezi. Kati ya watu 23, 21 walitoa maelezo yasiyo sahihi, na kwa upande wa majira umbali wa jua ndio uliotajwa sana. Hawa walikuwa wamekalia madawati bora na maktaba kubwa kwa miaka.

Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, angekuambia hakuna la kushangaza hapo. Mtoto haji darasani akiwa debe tupu. Ana maelezo yake ya dunia, yaliyomfaa mpaka leo. Akiusogelea moto anapata joto, kwa hiyo tukilisogelea jua tutapata joto. Hilo ni wazo la mtu anayefikiri. Maarifa mapya yatapokelewa kwa kufinyangwa ili yaingie kwenye wazo hilo, mpaka siku wazo lenyewe litakapogonga ukuta na kulazimika kujipanga upya. Hiyo ndiyo nadharia ya kujenga maarifa, na kazi yake kwako ni moja na ni ya vitendo: kabla hujatuma mwanafunzi kutafuta, fahamu anaamini nini, halafu tafuta ukweli mmoja ambao imani yake haiwezi kuumeza. Kwenye majira, ukweli huo ni Januari.

Wengi waliichukua nadharia hii wakaisoma vibaya. Walidhani kama mtoto anajenga maarifa mwenyewe, basi aachwe peke yake na kompyuta. Seymour Papert, aliyefanya kazi na Piaget huko Geneva kabla ya kwenda Marekani, alishiriki kuunda lugha ya programu ya LOGO mwaka 1967 akitaka mtoto aiamuru kompyuta badala ya kompyuta kumwamuru mtoto. Wazo lile nalipenda hadi leo. Lakini mtoto anayechora pembetatu kwa LOGO anahitaji mtu wa kumuuliza kwa nini kasa wake, yule anayechora kwa kufuata amri zake, amegeuka upande usiotarajiwa, na mtu huyo alisahaulika katika mipango mingi iliyofuata. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alikuwa amekwisha kulisema miaka mingi kabla. Kuna mambo mtoto anayaweza peke yake, kuna yasiyowezekana kwake kabisa, na kati yake kuna ukanda wa mambo anayoyaweza akisaidiwa. Kufundisha kuko hapo katikati. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada huo na jukwaa la fundi mwashi: linasimamishwa ili ukuta upande, na linaondolewa ukuta unapojitegemea.

Sasa jiulize simu ni jukwaa au ni ukuta wenyewe. Kuna utafiti mmoja ninaourudia kila nikiulizwa kuhusu akili bandia. Hamsa Bastani na wenzake waliufanya kwenye shule ya sekondari nchini Uturuki, kwa wanafunzi karibu 1,000 waliokuwa wakifanya mazoezi ya hisabati. Kundi moja lilitumia vitabu na madaftari kama kawaida. La pili lilipewa programu ya kawaida ya mazungumzo. La tatu lilipewa programu iliyojengwa juu ya mtambo ule ule, ila iliyoelekezwa na walimu kutoa dokezo bila kutoa jibu. Wakati wa mazoezi kundi la pili lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya lile la kawaida, na la tatu kwa asilimia 127. Ukafika mtihani usio na msaada wowote. Kundi la pili lilipata asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa programu. Kundi la tatu halikudhurika. Lilikuwa karibu sawa na la kawaida.

Soma tena matokeo hayo polepole. Mtambo ni mmoja. Kilichobadilika ni nani aliyefanya kazi ya kufikiri. Ule uzuri wa asilimia 48 ulikuwa uzuri wa mtambo, na ulipoondolewa uliondoka nao. Hata ongezeko la asilimia 127 halikuingia kwenye mtihani. Mwalimu anayepima darasa lake kwa kazi zinazokusanywa, bila kuwahi kuwaweka wanafunzi mbele ya swali wakiwa peke yao, anapima mtambo bila kujua.

Kuhusu kukaa kichwani, kuna jaribio litakalokugusa kama msomaji wa Kiswahili. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwafundisha wanafunzi wa chuo nchini Marekani maneno 40 ya Kiswahili, mashua likiwa mojawapo, pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Wote walijifunza mpaka kila neno likapatikana angalau mara moja. Kuanzia hapo wakatenganishwa. Baadhi waliendelea kujipima kwa maneno yote, wengine wakaacha kujipima kwa neno walilokwisha kulipata, hata kama waliendelea kulisoma tena na tena. Waliulizwa watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, na makundi yote yalikadiria kama nusu. Wiki ilipopita, walioendelea kujipima walikumbuka asilimia 80 hivi. Walioacha kujipima walikumbuka asilimia 36 na 33. Kusoma tena hakukuongeza karibu chochote. Kilichofanya kazi ni kulivuta neno kutoka kichwani. Nao wenyewe hawakujua. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu mwanafunzi anayesoma jibu kwenye skrini kwa mara ya nne anajisikia anajua, na hisia hiyo ni ya kweli kwake.

Mtandao unaizidisha hisia hiyo. Matthew Fisher, Mariel Goddu na Frank Keil walionyesha mwaka 2015 kwamba watu waliotoka kutafuta mtandaoni maelezo ya mambo ya kawaida, kwa mfano zipu inafanyaje kazi, walijipa alama za juu zaidi kwenye uwezo wa kueleza mambo mengine kabisa ambayo hawakuyatafuta. Kilichoko mtandaoni walikihesabu kama kilichoko vichwani mwao.

Hapo ndipo B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa ile nadharia ya tabia, anaporudi, ingawa najua jina lake halina heshima tena katika vyuo vya ualimu. Mwaka 1953 alitembelea darasa la hisabati la binti yake. Aliona mambo mawili yaliyomkera: watoto wote wanakwenda mwendo mmoja, na hakuna anayejua kama amepatia mpaka madaftari yarudishwe. Akaenda kuunda mashine ya kufundishia, iliyotoa swali, ikasubiri jibu la mwanafunzi, kisha ikamwonyesha hapo hapo kama amepatia. Mashine zake zilikufa. Nadhani zilistahili kufa, kwa sababu zilivunja kila somo kuwa makombo ambayo mtoto aliyajaza bila kuona mkate. Lakini lile alilolikasirikia lilikuwa kosa halisi, na programu za leo za mazoezi na maswali ya papo kwa papo ni wajukuu wa mashine yake. Kwa majina ya mahali, alama za ramani, istilahi na hesabu za kipimio cha ramani, zitumie bila aibu. Mtoto ajibu kwanza, aone mrejesho, arudie baada ya siku chache. Kwa swali la kwa nini Januari ni baridi kaskazini, zitakuangusha.

Basi swali lako la nadharia ipi ufuate, nadhani limekuelemea kwa sababu chuoni zilifundishwa kama madhehebu. Skinner anakueleza kitu kinaimarika vipi. Piaget anakueleza kwa nini kitu kipya kinapotoshwa na cha zamani. Vygotsky anakueleza msaada usimame wapi na uondoke lini. Nadharia ya mitandao, aliyoiandika George Siemens katikati ya miaka ya 2000, inasema maarifa yako ndani ya mtandao wa watu na vyanzo, na kujifunza ni kujenga na kuvuka viungo hivyo. Hiyo naiona kuwa maelezo mazuri ya jinsi mabingwa wanavyofanya kazi pamoja. Ukiigeuza kuwa maelekezo ya kumfundisha anayeanza, inampa mtoto barabara mia bila kumpa miguu. Nahisi hapo ndipo anaposimama mkuu wako, na hajakosea kuhusu anachokiona kwa watu wazima. Amekosea kudhani mwanafunzi ni mtu mzima mdogo.

Tofauti kati ya anayeanza na bingwa ina sababu ya kimaumbile. Kumbukumbu inayoshika mambo tunayoyafikiria sasa hivi ni finyu sana. George Miller aliandika mwaka 1956 kuhusu vitu saba hivi, na Nelson Cowan mwaka 2001 akashusha makadirio hadi vinne. Bingwa anavuka ufinyu huo kwa sababu "mwinamo wa mhimili" kwake ni kitu kimoja kilichobeba mengine kumi ndani yake. Anayeanza anashika vipande vyote kimoja kimoja, na juu ya hapo unamwambia achague kati ya tovuti kumi, aruke matangazo, apime ukweli na aandike ripoti. John Sweller ameeleza mzigo huu tangu mwaka 1988, na mwaka 2006 yeye pamoja na Paul Kirschner na Richard Clark waliandika kwa ukali dhidi ya kuwaachia wanaoanza wagundue wenyewe. Ukali wao una mipaka. Wenzake Sweller walionyesha pia kwamba msaada unaomfaa anayeanza humchelewesha aliyekwisha kupevuka. Kwa hiyo darasa lako la kidato cha kwanza na lile la mwisho hayapaswi kupewa kazi ya kutafuta ya aina moja, hata kama mada ni moja.

Huyo Clark ndiye aliyeandika mwaka 1983 kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula: lori halibadilishi lishe yetu. Robert Kozma alimpinga, akasema vyombo vingine vinawezesha njia za kufikiri ambazo vingine haviwezi, na mimi naegemea kwa Kozma kidogo, kwa kuwa tufe linalozunguka kwenye skrini linaonyesha mwinamo wa dunia kuliko maneno yangu yatakavyoweza. Lakini kila kinapoingia kifaa kipya shuleni, mkumbuke Clark kwanza. Mwaka 1913 Thomas Edison alitabiri kwamba vitabu vitapitwa na wakati shuleni na filamu zinaweza kufundisha kila tawi la elimu, na kwamba shule zitabadilika kabisa ndani ya miaka 10. Wazee walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Nikirudia somo la majira leo, ningelipanga hivi. Kabla simu haijaguswa, kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi kwa nini kuna joto na baridi, achore, na asaini. Hakuna kusahihisha. Kisha ningewapa ule ukweli wa Januari na kuwaacha wagombane nao dakika kumi. Wataudhika, na watataka kujua. Hapo ningefundisha mimi, kwa tochi na mpira ulioinamishwa, mpaka maneno mhimili, mwinamo, obiti na pembe ya miale yawe yao. Ndipo simu zitoke, kwa swali moja lenye ukubwa wa kufaa: tafuta maelezo mawili ya majira yanayotofautiana, toka nje ya kila ukurasa ujue nani ameuandika, na useme lipi limekosea na wapi. Programu ya akili bandia nayo iingie hapo, kama mshukiwa. Waiombe maelezo, kisha wayapekue kwa kalamu.

Watarajie kuchanganyikiwa katikati, na uwaambie mapema. Carol Kuhlthau, aliyewafuatilia wanafunzi wa sekondari wakifanya tafiti zao katika miaka ya 1980, aliona kwamba mtu anapoanza kusoma anachokipata, mashaka yake huongezeka kabla ya kupungua. Mwanafunzi asiyejua hilo anadhani yeye ni mjinga, na saa hiyo hiyo ananakili cha kwanza anachokiona. Hapo katikati ndipo akuone umesimama karibu na dawati lake.

Wiki moja baadaye, vitabu vimefungwa na simu ziko mbali, mrudishie kila mmoja karatasi yake ya kwanza na umwombe amwandikie barua yule aliyeichora, amweleze alipokosea. Baada ya wiki tatu uliza tena kwa njia nyingine, mfano kama mhimili ungesimama wima majira yangekuwaje. Majibu hayo mpelekee mkuu wako, pamoja na mabango yaliyotengenezwa kwa kutafuta peke yake, myasome pamoja mezani.